Somo: Kupandisha okidi ya Brassavola kwenye gogo

Brassavola ni okidi ya usiku. Mchana utainusa usipate kitu, ila giza likiingia inaanza kunukia, kitu kati ya ua la mlimau na asumini. Inamwita nondo anayeruka usiku, na ndiyo maana ua lake ni jeupe: huonekana hata gizani. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliipa jenasi hii (kundi la aina za mimea zilizo karibu) jina mwaka 1813, kwa heshima ya Antonio Musa Brassavola, tabibu wa Ferrara, Italia.

Inayofugwa zaidi ni Brassavola nodosa, kutoka Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Kwao huota juu ya mikoko na miamba ya pwani, kwenye jua na upepo. Likumbuke hilo kabla hujashika kopo la maji, kwa sababu mimea hii huuawa kwa huruma: samadi, kivuli, maji asubuhi na jioni.

Hatua ya 1: Subiri mizizi. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Usipandishe mmea uliolala. Ngoja chipukizi jipya litoke, kisha chini yake uone ncha za mizizi, za kijani na zinazong'aa. Zikifika kama sentimita moja, anza. Mizizi ya zamani hunywa maji lakini haishiki tena mahali papya. Inayojigandisha kwenye mti ni michanga tu. Ukiwahi, mmea utakaa miezi umening'inia kwenye kamba huku majani yakinywea. Ukichelewa, ncha zimerefuka na utazivunja mkononi.

Hatua ya 2: Gogo. Mti mgumu usiooza upesi, wenye gome lisilobanduka, usiotiwa rangi wala dawa. Toboa tundu la kutundikia kabla ya kufunga mmea, si baada.

Hatua ya 3: Safisha. Loweka mizizi mpaka ilainike, kisha uitoe taratibu kwenye chungu. Bonyeza mmoja mmoja: mzima ni mgumu, uliooza ganda lake linatoka na kukuachia uzi mkononi. Huo kata. Kisu kipitishe motoni kila unapohamia mmea mwingine, maana virusi vya okidi havina tiba.

Hatua ya 4: Funga. Shina linalotambaa liguse mti, na chipukizi lielekee mahali penye nafasi. Tumia mshipi wa kuvulia samaki au kamba laini, usitumie waya wa shaba. Ukitingisha gogo, mmea usicheze hata kidogo. Ukicheza, ncha za mizizi zinasagika kila upepo ukivuma. Wengine huweka kuvumwani (mimea midogo laini inayoshika unyevu) chini ya mizizi. Kidogo si mbaya, ila mimi siweki.

Hatua ya 5: Mwanga. Mwingi, kuliko wa okidi nyingi za ndani. Uongeze polepole, wiki hadi wiki. Majani yakipata vidoa vyekundu si ugonjwa, ni jua limetosha. Yakiwa kijani kibichi sana, marefu na yaliyolegea, usitegemee maua.

Hatua ya 6: Maji. Asubuhi. Mzizi mkavu ni mweupe wa fedha, ukilowa unageuka kijani; mwagilia mpaka ugeuke, kisha uache ukauke kabla ya usiku. Kwenye gogo, siku za joto, hiyo ni kila siku. Mbolea robo ya kipimo cha kwenye pakiti, tena mmea ukiwa unakua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu imechanua wiki nzima lakini hainukii. Nimeuziwa nyingine?*
Umeinusa saa ngapi, dada? Rudi saa tatu usiku, pasipo upepo, halafu uniambie.

*Majani yamekunjamana. Niongeze maji?*
Angalia mizizi kwanza. Ikiwa mizima na mikavu, ongeza. Ikiwa imeoza, mmea una kiu kwa sababu hauna cha kunywea, na maji zaidi yatamalizia iliyobaki.

*Sina gogo. Chungu hakifai?*
Kinafaa, ndugu. Cha udongo, kidogo, chenye matundu, ujaze vipande vikubwa vya magome. Usiweke udongo. Utamwagilia mara chache zaidi, kwani chungu huchelewa kukauka.

*Kuna muuzaji ana Brassavola digbyana, majani yake mapana na bapa. Ndiyo hii?*
Hiyo ilihamishiwa jenasi ya Rhyncholaelia, ingawa wauzaji wengi wamebaki na jina la zamani. Ni ua la taifa la Honduras tangu 1969, mdomo wake una mashada ya nyuzi pembeni, nayo hunukia usiku vilevile. Ila huchelewa kuchanua. Kwa anayeanza, chukua nodosa.

*Kama huota kwenye mikoko, nikimwagilia maji ya chumvi si itafurahi?*
Hapana! Hukaa matawini, juu ya maji ya bahari. Hurushiwa chumvi na upepo, kisha mvua inaiosha. Mpe maji ya mvua ukiyapata.