Namna ya Kutumia Bega la Barabara Kama Njia ya Ziada Lubumbashi

Asubuhi na jioni, dereva aliyekwama nyuma ya malori kwenye Barabara ya Taifa Namba 1 ya Kongo (DRC), upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hulitazama bega la kulia, yaani ukanda wa pembeni mwa njia za magari, na kudhani ni nafasi tupu. Lakini hapo ndipo wanapopita watembea kwa miguu na wale wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makaa, na ndipo gari lililoharibika hukimbilia. Kwa hiyo, anayetaka kuligeuza kuwa njia aanze kwa kuhesabu, saa kwa saa na kwa siku kadhaa za kazi, watu na baiskeli wanaolitegemea, kisha awatengenezee kijia chao ng'ambo ya mtaro kabla gari la kwanza halijaruhusiwa. Binafsi sioni sababu ya kuukubali mpango unaoiahirisha hatua hii.

Baada ya hapo, pima upana na uimara. Lenye upana usiofika mita 3 liachwe. Pia toboa lami mahali kadhaa uone unene wa tabaka zake, kwa maana mabega mengi hujengwa membamba kuliko njia kuu, na malori ya shaba yakipita juu yake majira ya mvua, maji yakiwa yameshaingia kwenye nyufa, yatalibomoa.

Ndiyo maana ni vema kuanza na mabasi peke yake. Huko Minneapolis, Marekani, mabasi yamekuwa yakipita begani tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa masharti mepesi kufuata: basi huingia pale tu magari ya njia kuu yanapokwenda chini ya kilomita 56 kwa saa, halivuki mwendo huo, wala haliyazidi magari ya pembeni kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Basi moja lililojaa huwavusha watu wengi, na dereva wake anaweza kufundishwa.

Kuwafungulia wote kunadai vifaa vingi zaidi. Uingereza ilipolifungua bega la barabara ya M42 mwaka 2006, iliweka taa juu ya kila njia, kamera, na vituo vya dharura vya kuegesha gari bovu takriban kila mita 500; baadaye, katika barabara nyingine ambako bega liliondolewa kabisa na vituo vikawekwa mbali zaidi, wananchi walipoteza imani, na mwaka 2023 serikali ikafuta miradi mipya ya aina hiyo.

Kila siku, kabla ya kufungua, polisi wa barabarani wapite bega zima kuhakikisha hakuna gari wala kifusi. Kwenye makutano, mabasi yarudi njia kuu. Gari likiharibika begani, njia ifungwe mara moja kwa alama nyekundu ya msalaba ili gari la wagonjwa lipite. Na siku ambayo gari la kuvuta halipo tayari, bega lisifunguliwe.