Vifo vya sungura baada ya kuachishwa kunyonya: anza na kinyesi, kisha dawa

Sungura wanaofugwa mabandani, wawe New Zealand weupe, California au chotara, wote wametokana na sungura mwitu wa Ulaya, ambaye asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Magonjwa yake yamechunguzwa kwa muda mrefu, na miongoni mwa yale yanayomtia hasara mfugaji mdogo, koksidiosisi haina budi kutajwa kwanza. Huletwa na vimelea vya jamii ya Eimeria, na huwashambulia zaidi sungura wa wiki 4 hadi 16, yaani tangu wanapoachishwa kunyonya. Sungura wakubwa hubeba vimelea hivyo bila dalili yoyote, hivyo jike aliyenona na mwenye manyoya yanayong'aa anaweza kuwa ndiye chanzo cha maambukizi kwa watoto wake.

Aina nyingi za vimelea hivi hukaa kwenye utumbo. Mgonjwa hukonda, tumbo hujaa, manyoya husimama, na huharisha majimaji ambayo pengine huwa na damu. Wengine hufa kabla hata mfugaji hajaona kuhara. Aina moja, Eimeria stiedae, hushambulia ini, na hii mfugaji anaweza kuitambua kwa kumpasua sungura aliyekufa karibuni, akiwa amevaa glavu. Ini lisilo na ugonjwa ni jekundu lililokolea na uso wake ni laini, lakini ini lenye ugonjwa huvimba na kutapakaa madoa meupe au ya manjano, na doa likikatwa hutoka ute mzito. Inafaa kufahamu kwamba vimelea hivi ni vya kale katika sayansi, kwani Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliviona kwa hadubini yake mwaka 1674 katika nyongo ya sungura. Tahadhari ni kwamba si kila doa jeupe kwenye ini ni koksidiosisi. Ukiona pia vifuko vidogo vyenye maji vimening'inia kwenye utando wa tumbo, shuku viluwiluwi vya tegu wa mbwa, na uangalie mahali unapokata majani, kwa sababu mbwa huenda wanajisaidia hapo.

Mayai ya koksidia, yaani vimelea hivyo vya Eimeria, yanapotoka na kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji hewa, joto na unyevu kwa muda wa siku mbili au zaidi ili yakomae, na hapo ndipo mfugaji ana nafasi ya kuuzuia ugonjwa bila gharama kubwa. Kinyesi kikiondolewa kila siku, na mkojo na maji yaliyomwagika yakikaushwa, mayai mengi hayafikii hatua ya kudhuru. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna haja ya kumzuia sungura kula kile kinyesi laini anachokichukua moja kwa moja kutoka mkunduni, kwani mayai yaliyomo bado ni machanga, na chakula hicho humpatia protini na vitamini. Hatari iko kwenye majani yanayorushwa sakafuni, yakakanyagwa na kulowa, kisha yakaliwa kesho yake. Weka majani kwenye hori lililoinuliwa, tumia sakafu ya wavu unaopitisha kinyesi bila kujeruhi nyayo, na usafishe vizuri kiota kabla jike hajazaa tena. Klorini na dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu haziyadhuru mayai haya. Maji yanayochemka, moto wa gesi kwenye wavu wa chuma na ukavu wa jua kali ndivyo vya kutegemea, mradi sungura wameondolewa kwanza.

Dawa kama amproliamu, salfa na toltrazurili husaidia, lakini zikitolewa kwenye banda chafu ugonjwa hurudi mara tu zinapokoma. Kipimo kipangwe na daktari wa mifugo, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Kosa linaloua zaidi ni kuchukua antibiotiki yoyote iliyobaki nyumbani: amoksisilini, ampisilini, linkomaisini na klindamaisini, zikipewa sungura kwa mdomo, huangamiza bakteria wema wa utumbo, bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium wakaongezeka na kutoa sumu, na mnyama akafa siku chache baadaye kwa kuhara, hata kama ugonjwa wa awali ulikuwa mdogo. Vilevile usiwape sungura chakula cha kuku kilichotiwa dawa ya koksidia, kwani baadhi ya dawa hizo, narasini ikiwemo, ni sumu kwao.

Sungura wakubwa wakifa ghafla, wengine wakitokwa damu puani, usifikirie koksidia. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa virusi wa kutoka damu, uliogunduliwa China mwaka 1984. Aina yake mpya, iliyoonekana Ufaransa mwaka 2010, huua hata watoto wa sungura, na imekwishathibitishwa Nigeria. Hauna tiba. Simamisha uuzaji, usihamishe vizimba wala majani kutoka banda moja kwenda jingine, fukia mizoga kwa kina, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo ili achukue sampuli ya ini.