Namna ya kutambua na kuripoti pesa zenye mashaka kwenye foreksi ya mpakani

Foreksi, yaani duka la kubadilisha fedha za kigeni, kwenye miji ya mpakani ya Uganda kama Mpondwe, Bunagana, Busia au Elegu hupokea kwa siku moja dola za mfanyabiashara wa kakao aliyetoka Beni nchini Kongo, shilingi za Kenya za dereva wa lori na faranga za mama aliyevuka na madumu ya mafuta ya mawese. Sehemu kubwa ya pesa hizo ni halali, na keshia anayemtazama kila mteja kama mwizi atafukuza biashara bila kukamata chochote. Swali la kujiuliza kaunta ni moja: je, pesa hizi zinalingana na mtu aliyezileta na kazi anayosema anafanya?

Februari 2020 Uganda iliingizwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha (kuficha chanzo haramu cha pesa). Ilitoka Februari 2024. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya mwaka 2013 inazihesabu foreksi miongoni mwa wanaowajibika. Foreksi lazima ijisajili kwa FIA, yaani Mamlaka ya Ujasusi wa Fedha, na iwe na afisa mmoja anayebeba jukumu la ripoti. Katika maduka madogo afisa huyo mara nyingi ni mwenye duka mwenyewe. Hilo linafaa, ila asiwe mtu anayeonekana Jumamosi tu.

Kabla ya kupokea noti, shika kitambulisho mkononi. Kadi ya taifa ya Uganda ina namba ya NIN yenye herufi na tarakimu 14. Kwa raia huanza na C, kisha M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kadi inayosema mwenyewe alizaliwa 1985 lakini NIN yake ina 92 baada ya CM, irudishe na usifanye muamala. Ukaguzi huu ni wa sekunde tano. Wakongomani wengi huja na kadi ya mpiga kura kwa sababu ndiyo wanayoitumia kama kitambulisho kwao. Wakimbizi huja na kadi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa wote andika jina kama lilivyochapishwa, herufi kwa herufi, si kama unavyolitamka.

Kisha kuna hesabu mbili za kukaa kichwani. Sheria hupima kwa pointi ya fedha, ambayo ni shilingi 20,000. Muamala wa taslimu unaozidi pointi 1,000, yaani shilingi milioni 20, unaripotiwa FIA hata kama mteja ni rafiki yako wa miaka kumi. Anayevuka mpaka na zaidi ya pointi 1,500, yaani shilingi milioni 30 au thamani yake katika fedha nyingine, lazima atangaze kwa forodha ya URA, Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Kwa hiyo mtu akikwambia ameingia asubuhi kutoka Kongo na dola 40,000, ombi lako la kwanza ni fomu ya tangazo la forodha. Mwenye biashara ya kweli anayo, au anajua pa kwenda kuitafuta. Mwenye kubabaika, au anayebadilisha maneno na kusema pesa zilikuwa Kasese tangu mwaka jana, umeshapata jambo la kuandika.

Watakatishaji wanazijua hesabu hizi kuliko makeshia wengi. Ndiyo maana pesa hugawanywa. Chukua dola moja kwa shilingi 3,700. Jumatatu mtu anabadilisha dola 5,000, sawa na milioni 18.5. Jumanne anakuja mwingine na dola 5,100, milioni 18.87. Jumatano kijana wa tatu analeta 4,900, milioni 18.13. Hakuna hata mmoja aliyegusa milioni 20, lakini kwa siku tatu zimepita dola 15,000, shilingi milioni 55.5, na wote watatu wameandika namba ileile ya simu.

Foreksi nyingi hazioni hilo kwa sababu leja imepangwa kwa namba ya risiti. Risiti zinafuatana vizuri kabisa na hazisemi kitu. Ongeza safu tatu kwenye leja au kwenye kompyuta: namba ya kitambulisho, namba ya simu, na namba ya gari au jina la aliyemsindikiza mteja. Jioni, kabla ya kufunga, panga miamala ya siku saba zilizopita kwa namba ya simu, halafu kwa namba ya kitambulisho. Jumlisha. Kwa foreksi yenye wateja 60 kwa siku kazi hii haizidi nusu saa ikiwa iko kwenye kompyuta. Kwenye daftari ni ndefu zaidi, na hapo ndipo watu huikatia tamaa wiki ya pili. Kama daftari ndilo ulilo nalo, chambua angalau miamala inayozidi milioni 5. Makeshia wawili wanaobadilishana zamu waambiane kwa maneno pia: leja haioni sura iliyorudi mara mbili na majina mawili.

Jambo ambalo wengi hulikosea: ripoti ya mashaka haina kiwango cha chini. Milioni 20 ni ya ripoti ya taslimu kubwa. Mashaka yanaripotiwa hata kwa shilingi laki mbili. Ufadhili wa ugaidi hasa hutembea kwa vipesa vidogo, na eneo la Kasese linajua gharama yake: Juni 2023 wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye ngome mashariki mwa Kongo, walivamia shule ya sekondari Mpondwe na kuua wanafunzi. Dalili za kutazama ni mwendo wa pesa. Watumaji wengi wasiojuana wakimtumia mtu mmoja, naye akitoa zote siku hiyohiyo. Mpokeaji asiyejua jina la aliyemtumia. Mnunuzi anayetaka dola ndogondogo nyingi bila kueleza safari wala bidhaa. Dini ya mteja, kanzu yake, lafudhi yake au kadi yake ya mkimbizi si dalili. Keshia anayezitumia hizo atajaza ripoti za watu wasio na hatia, na yule mwenye suti atapita.

Sasa majina. Orodha ya vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa inapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Sehemu ya Kongo ndiyo inayotuhusu zaidi: M23, kundi jingine la waasi, imo tangu Desemba 2012, ADF tangu Juni 2014, na kiongozi wa ADF, Seka Musa Baluku, tangu Februari 2020. Hapa kutafuta jina kwa kompyuta peke yake hakutoshi. Wakonzo, kabila la eneo la Kasese, hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kina Baluku wamejaa kuanzia Bwera hadi mjini Kasese. Ukimzuia kila Baluku utafunga duka. Tafuta kwa majina yote na tahajia zake zote, Musa na Mussa na Moses, kisha linganisha mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, uraia na majina ya utani yaliyo kwenye orodha. Jina moja likilingana peke yake, andika kwenye faili kwamba ulikagua na kwa nini si yeye, kisha endelea. Majina mawili na mwaka wa kuzaliwa vikilingana, simamisha muamala, usirudishe pesa, mpigie afisa wako, naye awasiliane na FIA saa hiyohiyo. Kiwango cha FATF cha kuzuia mali ni saa, hakingoji wiki.

Vikwazo vya Marekani ni suala jingine. Si sheria ya Uganda, lakini dola hupitia benki za Marekani, na benki yako ya Kampala haitahatarisha njia hiyo kwa ajili ya foreksi moja. Machi 2022 Hazina ya Marekani iliiwekea vikwazo African Gold Refinery ya Entebbe kwa madai ya dhahabu ya Kongo. Mteja anayebadilisha dola za dhahabu aulizwe cheti cha madini cha nchi za Maziwa Makuu na leseni ya kununua. Akikosa vyote viwili, muandikie ripoti.

Ripoti yenyewe huingizwa kwenye goAML, mfumo wa kompyuta ambao FIA hupokelea ripoti. Usingoje: sheria haikupi zaidi ya siku mbili za kazi tangu shaka ilipojengeka, na shaka hujengeka siku keshia alipoiona, si siku bosi aliporudi kutoka Kampala. Visanduku vya majina na kiasi ni rahisi. Kinachoharibika ni maelezo. "Mteja alionekana kuwa na wasiwasi" haimsaidii mchunguzi hata kidogo. Andika hivi: "Kati ya tarehe 3 na 5 watu watatu walibadilisha jumla ya dola 15,000 taslimu, kila mmoja chini ya milioni 20. Wote waliandika simu ileile. Wawili waliletwa na gari moja jeupe, namba imeambatishwa. Wa kwanza alisema anauza samaki, lakini hakuweza kutaja bei ya kilo wala soko." Nani, lini, kiasi gani, kwa njia gani, na kipi hasa hakilingani. Fomu ni ya Kiingereza. Kama unafikiri kwa Kiswahili, andika kwanza kwa Kiswahili, kisha tafsiri, kwa sababu mambo madogo ndiyo hupotea kwanza.

Baada ya kutuma, kimya. Kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa ni kosa la jinai, na kwenye mji mdogo wa mpakani maneno hufika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Usimwambie keshia mwenzako asiyehusika, wala shemeji yako wa bodaboda. Mteja akirudi, mhudumie kama kawaida isipokuwa FIA imeagiza vingine. Akiuliza kwa nini unataka karatasi zaidi, jibu ni kwamba sheria inakutaka umjue mteja wako, na ni kweli.

Kumbukumbu hutunzwa miaka 10. Risiti za mashine zinazochapwa kwa joto hufutika ndani ya mwaka mmoja au miwili, haraka zaidi kwenye duka la mabati, kwa hiyo zitoe kopi siku hiyohiyo pamoja na kitambulisho. Ripoti za mashaka zisikae kwenye faili moja na risiti za kila siku. Ziwe kwenye kabati lake, na ufunguo awe nao afisa na mtu mmoja tu wa kumshikia zamu.