Rili ya kuvulia bahari: angalia haya kabla hujatoa pesa

Sisi huku Uganda tumezoea maji matamu. Ukivua mputa (sangara) kule Murchison au ngege Jinja, rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo, hata ya bei ya chini inakaa miaka, unaipangusa na kitambaa basi kesho inarudi kazini. Shida inaanza siku umepanda basi ya Mombasa na rili ile ile kwenye begi. Mimi ilinipata hivyo, jioni moja tu kwenye miamba ya Mtwapa, mawimbi yakanirukia mara mbili tatu, nikalala bila kuosha rili kwa sababu nilikuwa nimechoka, kuamka asubuhi mkono wa rili hauzunguki. Nikafungua skrubu nikakuta unga mweupe ndani na beringi zote zimeshika kutu. Siku tatu zilizobaki nilivua kwa rili za kuazima na iliniuma sana.

Ule unga mweupe ni aluminiamu iliyoliwa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, sasa pale skrubu ya chuma imegusana na bodi ya aluminiamu, moja inaanza kumla mwenzake. Alafu maji yakikauka chumvi inabaki, chembe zake zinaingia kwenye gia na kuzisaga. Ndio maana swali la kwanza dukani lisiwe bei wala rangi, uliza maji yanaingilia wapi. Rili nzuri ya bahari ina sili za mpira kwenye bodi, kwenye breki, na pale kwenye ule mgurudumu mdogo uzi unapopita. Zingine zimeandikwa IPX5 au IPX6, maana yake zinastahimili maji ya kurushiwa. Haimaanishi unaweza kuizamisha, ukitaka ya kuzama angalia IPX7 au 8, na hizo bei yake inapanda. Mfano Penn Spinfisher VI ina IPX5, kwa mtu anayevua ufukweni mara moja moja naona inatosha.

Sasa tuongee breki, ile inayoachia uzi taratibu samaki akivuta, hapa tafadhali usiharakishe. Mputa ana nguvu na uzito, lakini nguru au kolekole akishika chambo anaondoka kama bodaboda iliyokatika breki, mita mia zinaisha hujapumua vizuri. Kama breki inakwama sekunde moja kabla ya kuachia, uzi umeenda. Tafuta zenye washa (vile visahani vya ndani ya breki) za kaboni, hizo zinavumilia joto kuliko zile za kitambaa. Watu wanadanganywa na namba kubwa kwenye boksi, eti breki kilo 20, ndugu yangu, hizo kilo 20 ukiwa umesimama juu ya mwamba huwezi kuzishika, utavutwa wewe. Breki inawekwa kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa paundi 50 ni kama kilo 22 na nusu, so kilo 6 hivi inatosha kabisa. Kujua kilo 6 huhitaji mashine, chukua kidumu tia lita 6 za maji, funga kwenye uzi unaotoka kwenye rili moja kwa moja bila kupita kwenye fimbo, inua rili polepole. Kidumu kikining'inia kabisa, legeza breki kidogo kidogo mpaka kianze kushuka taratibu bila kurukaruka. Hapo umepata.

Hesabu ya beringi wala isikusumbue. Nimeona rili za bei ya chini zimeandikwa beringi 13 na zote ni za chuma dhaifu, bora tano zilizokingwa kutu. Gia pia uliza zimetengenezwa na nini, za brasi au za aluminiamu iliyokatwa vizuri zinadumu kuliko zile laini za zinki. Na bodi iwe ya aluminiamu, plastiki inapinda samaki akivuta kwa nguvu alafu gia zinaanza kulia.

Saizi inachanganya sana watu maana kila kampuni ina namba zake, 6500 ya Penn sio 6500 ya Daiwa. Usisome namba, soma inabeba uzi kiasi gani. Kwa kurusha kutoka ufukweni ukitafuta changu na kolekole wadogo, mita 200 za uzi wa kusuka wa paundi 30 zinatosha. Ukiwa kwenye boti unatupa chambo bandia kwa nguru au jodari, uwe na mita 300 za paundi 50. Uzi wa kusuka ni mwembamba so unaingia mwingi, lakini weka kwanza nailoni kidogo chini kabisa, la sivyo uzi wote utateleza kwenye spuli (pale uzi unapojikunja) ukidhani breki imekufa.

Zile rili kubwa za mviringo zinazokaa juu ya fimbo, za kukokota chambo nyuma ya boti kutafuta sulisuli, usinunue. Kweli kabisa. Boti za kukodi za Watamu na Malindi zina vifaa vyao, na kwa mtu anayeshuka pwani mara moja kwa mwaka wakati wa kaskazi ni pesa imelala kabatini. Weka hiyo pesa yote kwenye rili moja nzuri ya kurushia, ambayo ukirudi nyumbani utaenda nayo Murchison kwa mputa (kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, usisahau) na haitakuangusha.

Ukiwa dukani ishike. Zungusha mkono polepole sana, usikie kama kuna mchanga mchanga ndani. Kisha jaribu kuuzungusha kinyume, usirudi hata kidogo. Sukuma ule mgurudumu wa uzi na kidole, lazima uzunguke, ukigoma utakata uzi wako wote. Feki ziko nyingi, nembo ikiwa imepindapinda au boksi haina namba ya rili, rudisha.

Na ukishanunua, kuosha ni kila siku, hata kama umechoka. Kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye washa, mwagia maji matamu taratibu kama unamuosha mtoto, usipige na mpira wa presha kwa sababu unasukuma chumvi ndani zaidi. Angalia pia hayo maji, visima vingi vya pwani vina chumvi chumvi na unaweza kuosha chumvi kwa chumvi bila kujua, mimi siku hizi naonja kwanza, nikisikia chumvi nanunua chupa ya lita moja na nusu ya maji ya kunywa. Futa, iache kivulini ikauke, tone la oili kwenye mgurudumu wa uzi na kwenye mkono, alafu legeza breki kabisa ndio uiweke kwenye begi, ukiiacha imekazwa mpaka safari nyingine washa zinashikana.