Somo: kumtambua buibui wa jangwani mpaka ujue ni spishi gani

Wakuu, naona wengi wanapiga picha moja ya mgongo afu wanauliza huyu ni nani. Hapo hakuna jibu, maana buibui wengi wa jangwani wana rangi ya mchanga, wanajificha hivyo, kwa hiyo rangi usiitegemee kabisa.

1. Hakikisha ni buibui kweli. Kuna yule mwenye mataya makubwa anayekimbia balaa na anaonekana kama ana miguu kumi, huyo ni solifuga, tumbo lake lina mapingili na hatoi uzi. Buibui ana sehemu mbili za mwili na kiuno chembamba katikati.

2. Hesabu macho kwa lenzi. Ukikuta sita, jozi tatu, na mwili umeng'ang'aniwa na chembe za mchanga, uko kwa akina Sicarius (Amerika ya Kati na Kusini) au Hexophthalma (kusini mwa Afrika), usimguse kwa mkono, sumu yao inaharibu nyama ya mwili. Macho manane kwenye mistari miwili na miguu imetandazwa ubavuni, fikiria familia ya Sparassidae.

3. Piga picha ya shimo kabla hujalichimbua! Lina kifuniko? Limeshikizwa kwa uzi? Andika tarehe, saa na namba za GPS za mahali hapohapo.

4. Hapa ndio penyewe: viungo vya uzazi. Dume aliyekomaa ncha za palpi zake, vile viguu viwili vifupi vya mbele, zimevimba kama glovu za bondia. Jike, mgeuze, kwa spishi nyingi chini ya tumbo upande wa mbele kuna kibamba kigumu kinaitwa epijini. Spishi mbili zinaweza kufanana kila kitu ila hapo zikatofautiana. Mfano mzuri ni Cebrennus rechenbergi wa Erg Chebbi, Morocco, yule anayekimbia hatari kwa kupiga sarakasi, kasi inafika kama mita 2 kwa sekunde wakati mbio za kawaida ni 1. Ingo Rechenberg, mtafiti wa Berlin, ndiye aliyemleta kwa wataalamu, mwanzoni akadhaniwa ni Cebrennus villosus anayejulikana Tunisia na Algeria, mpaka Peter Jäger, mtaalamu wa buibui wa taasisi ya Senckenberg huko Ujerumani, alipolinganisha viungo hivyo akaona ni mwingine, akamtangaza 2014. Yaani sarakasi zote zile hazikutosha!

5. Kama ni mpya, pima kila pingili ya mguu kwa milimita, hesabu miiba, chora palpi na epijini chini ya hadubini, linganisha na spishi zote za jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu) zilizokwisha kuandikwa (World Spider Catalog, orodha ya buibui iliyoko mtandaoni, inakusaidia kuzipata). Chagua kielelezo kimoja, yaani buibui aliyehifadhiwa, kiwe holotipu (kielelezo rasmi cha jina la spishi), kikae makumbusho, ndipo uchapishe.

MASWALI

Mchanga_Moto: Shukrani mkuu, picha za simu hazitoshi?
Jibu: Zikiwa kali zinakufikisha kwenye familia, mara nyingine jenasi. Piga macho kwa mbele, ubavu na tumbo kwa chini.

BintiSayansi: Lazima auawe? Roho inaniuma.
Jibu: Kumtambua tu sio lazima dada, mbane taratibu kwa sponji laini kwenye kikopo cha kioo, piga picha ya epijini, mwachie palepale ulipomtoa. Spishi mpya ndio inahitaji kielelezo, tena kwa kibali, ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, na mguu mmoja kwenye ya 95 kwenda juu kwa ajili ya DNA.

Nge_Mweusi: Nimempata mdogo, palpi nyembamba na epijini sioni.
Jibu: Pengine bado mtoto huyo. Ishia kwenye jenasi, au mfuge mpaka ajivue ngozi ya mwisho akomae, ndio umwangalie tena.

BintiSayansi: Na jina nikitaka kumuenzi mwalimu wangu wa kike?
Jibu: Ruksa, jina lake litaishia -ae, mwanaume ndio -i kama rechenbergi.