SOMO: Mahindi yanazeeka kabla ya wakati, soma majani kwanza kabla hujakimbilia duka la pembejeo

Habari za shamba wakuu. Jua hili la Januari na Februari, hapa Mwanza ukitoka Misungwi mpaka Kwimba unakuta mahindi majani ya chini yamekauka na mbelewele (maua ya juu ya hindi) bado hazijatoka, alafu mtu anaenda kukopa mbolea ya urea ya kuongeza naitrojeni. Inaniuma kwa sababu mara nyingi tatizo ni kiu.

Jani kuzeeka ni kazi ya mmea wenyewe. Unavunja ukijani, unachukua naitrojeni iliyomo unaipeleka juu kwenye majani machanga na punje. Ukame unaiwahisha tu hiyo kazi: mizizi ikikosa maji inapunguza homoni zinazoliweka jani kijani, inaongeza ile inayofunga vitundu vya jani, na mmea unaanza kutoa majani ya zamani ili mtoto, yaani punje, apone.

1. Ingia shambani saa moja asubuhi, sio saa nane. Mchana hindi kukunja majani ni kujikinga na jua, jioni linakunjua. Ukilikuta limekunja asubuhi jua halijawa kali, hapo maji yameisha kweli.

2. Soma kuanzia chini kwenda juu. Njano inayoanzia nchani na kuingia katikati ya jani kama herufi V ni njaa ya naitrojeni. Kingo zikiungua kwanza ni potasiamu. Majani machanga juu yakiwa njano na ya chini yana kijani chake, tafuta salfa, zinki au chuma.

3. Chimba mpaka kwenye mizizi, shika udongo ukaze mkononi. Ukimwagika kama mchanga usiweke urea, mizizi haiwezi kuila bila maji na nyingine inapotea hewani. Subiri mvua, weka alafu fukia. Sasa kama ni mbuga, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, na maji yametuama, majani ya chini yatakuwa njano vilevile maana mizizi imekosa hewa, hapo fungua mfereji.

4. Palilia mapema, tandaza mabua au nyasi. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, lima matuta na uyafunge, yaani weka vikingo vya udongo kwenye mifereji ili mvua ikija isikimbilie ziwani. Hii ifanyike kabla mahindi hayajachanua, kiu ikiwakuta kwenye mbelewele na ndevu unapata magunzi yenye mapengo na mvua ya baadae hairudishi punje.

MASWALI

*Mdau wa Magu:* Mkuu nikate majani ya chini yenye njano niwape ng'ombe?
Hapana, subiri yakauke kabisa. Yakiwa njano bado yanahamisha chakula kwenda juu, ukikata unamnyang'anya mtoto.

*Mdau wa Ukerewe:* Mihogo yangu imepukutisha majani yote imebaki fimbo, nin'goe?
Usin'goe dada. Kwangua gome kwa ukucha, ukiona kijani ndani iko hai, imeacha majani makusudi isipoteze maji. Mvua ikianza itatumia wanga wa kwenye mizizi kuchipua, kwahiyo ukivuna wiki hizo utakuta muhogo una maji maji hauna unga. Vuna kabla, au acha ijaze tena.

*Mdau wa Kwimba:* Mtama wa jirani bado kijani na mahindi yangu yamekufa, mvua si moja?
Mvua moja ila mtama unaweza kusimama usikue, ukasubiri maji, na kuna aina zinazoshika ukijani mpaka punje zijae. Waulize TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, aina inayofaa huko kwenu.

*Mdau wa Ilemela:* Nyanya nanyunyizia kidogo kila siku na bado zinanyauka mchana.
Maji yako yanaishia juu na mizizi imebaki juu. Mwagilia mengi yazame, alafu ruka siku, udongo wako ndo ukuamulie ngapi. Na miche ya msimu ujao uikomaze, punguza maji polepole wiki moja kabla ya kuihamisha na iondolee kivuli.