Injini iongee mwisho: namna ya kuchambua mchezo wa chesi uliowatoa jasho wachezaji wawili

Wachezaji wengi wa Arusha na Moshi wakimaliza mchezo mgumu huingiza miendo kwenye simu, injini (programu inayokokotoa miendo) ikawaonyesha palipo na kosa, wakasema "aah, kumbe," wakafunga. Wiki inayofuata kosa lile lile linajirudia. Mimi nafundisha chesi, na msimamo wangu ni kwamba uchambuzi unaanza na vichwa vya wachezaji wenyewe, mashine inafuata. Nitaonyesha kwa mchezo mmoja uliochezwa Jumamosi pale Kaloleni, dakika 60 kwa kila mchezaji. Nyeupe alikuwa mwalimu aliyekuja kwa basi la Kosta kutoka Moshi, Nyeusi fundi simu wa Ngarenaro. Wote wawili si wa kubahatisha.

Hatua ya 1: Andika miendo, andika na saa

Pembeni mwa karatasi, weka dakika zilizobaki kila baada ya mwendo. Ni kazi ya sekunde mbili. Karatasi ya fundi ilionyesha kwamba mwendo wa 14 peke yake ulimla dakika 19. Kabla hujajua kama alicheza vizuri au vibaya, tayari umeshajua pa kuanzia kuchimba.

Hatua ya 2: Kaeni wawili kabla hamjaachana

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Rudisheni kete ubaoni, agizeni chai, halafu muulize mwenzako: uliogopa nini? Ukimuuliza "ungecheza nini" atakujibu kwa akili ya sasa hivi, mchezo ukiwa umeshaisha. Hofu aliyokuwa nayo anaikumbuka vizuri zaidi.

Mchezo ulianza kwa ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo; Nyeupe anatajwa kwanza, na pasipotajwa kete ni askari): 1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Farasi c6 5.Farasi f3 Malkia b6 6.a3 c4. Huo mwendo wa mwisho unajulikana na una maana yake. Nyeusi anaziba upande wa malkia na kuukodolea macho mraba wa b3, ambao askari wa Nyeupe hawawezi tena kuulinda. Gharama yake ni kwamba d4 inapumua. Ukishacheza c4, njia kubwa iliyobaki ya kuubomoa ukuta wa Nyeupe ni kusukuma f6 na kumgonga askari wa e5. Usipoisukuma, askari yule anakaa palepale akikubana.

Mwalimu alipoulizwa alisema moja kwa moja: "Ndugu yangu, tangu mwendo wa kumi nilikuwa naomba Mungu usisukume f6."

Fundi akashika kichwa. "Ndiyo hiyo hiyo niliyoikalia muda wote ule, mwalimu. Nikaona e6 yangu itabaki uchi."

Hakuna injini ingewapa habari hiyo. Wawili walikuwa wanautazama mwendo mmoja, kila mmoja akiuogopa kwa sababu zake, na aliyekuwa na haki ya kuucheza ndiye aliyeuacha. Tuliujaribu ubaoni kwa mikono. Ni kweli askari wa e6 anabaki dhaifu, lakini safu ya f inafunguka kwa ngome ya Nyeusi, na e5 haipo tena. Andika hayo kwa maneno yako, hata kama huna uhakika. Mashine itakuja kuyapima baadaye.

Hatua ya 3: Chagua sehemu chache

Usichambue kila mwendo. Chukua pale saa ilipoliwa, pale kete zilipobadilishana kwa wingi, na pale matokeo yalipogeuka. Zinatosha.

Hatua ya 4: Mwisho wa mchezo uchambue polepole

Askari wa e5 hakung'olewa. Kete nyingine zikaisha, yeye akabaki, na kwenye mwendo wa 61 ubao ulikuwa hivi. Nyeupe: mfalme d5, ngome a7, askari e5. Nyeusi: mfalme e8, ngome g6. Zamu ya Nyeupe.

Ipange ubaoni. Ni nafasi inayobeba jina la Philidor, mwanamuziki na mchezaji wa Ufaransa wa karne ya 18, na ni sare. Ngome ya Nyeusi kwenye mstari wa 6 inamzuia mfalme mweupe asisogee mbele. Hapo Nyeusi hana haja ya kukimbilia popote, anatembeza ngome yake kwenye mstari huo huo na kusubiri.

Mwalimu akasukuma 61.e6. Sasa mambo yamebadilika, maana askari mwenyewe amekuwa kizuizi cha ngome, na mfalme anatishia kuingia d6, kisha ngome a8 na mchezo umekwisha. Fundi, akiwa na chini ya dakika moja, akarudisha ngome g8 ili "ilinde nyumbani." Ndipo alipopoteza. Baada ya 62.Mfalme d6, Nyeusi akitulia, ngome a8 ni mati, mfalme hana pa kutorokea. Akikimbia na mfalme f8, inakuja 63.Ngome a8+ (alama ya + ni cheki, mfalme anashambuliwa) Mfalme g7 64.Ngome inakula g8+, mfalme anaila, 65.Mfalme d7 na askari anakuwa malkia.

Jibu sahihi la Nyeusi lilikuwa 61...Ngome g1. Mara tu askari anapofika e6, mfalme mweupe hana tena pa kujificha mbele yake, kwa hiyo ngome inakwenda mbali nyuma na kumpiga cheki bila kuchoka: 62.Mfalme d6 Ngome d1+ 63.Mfalme e5 Ngome e1+. Akimsogelea ngome ili cheki ziishe, anamwacha askari wake. Ukienda nyuma mapema, askari akiwa bado e5, mfalme anajificha e6 na unajitafutia kazi ngumu isiyo na sababu.

Hatua ya 5: Sasa washa mashine

Tovuti ya Lichess ni bure na haina matangazo, na ndani yake kuna injini ya Stockfish. Linganisha na ulichoandika, ukianza na zile sehemu ulizochagua. Usitetemeshwe na tarakimu inazotoa kupima nani yuko juu. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, Stockfish ikikuandikia +1.00 haimaanishi tena thamani ya askari mmoja, maana yake ni uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda dhidi ya mpinzani wa kiwango sawa na chake. Kwa wachezaji wetu, +0.40 dhidi ya +0.10 si jambo la kugombania.

Kete zikibaki saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, soma hifadhi ya Syzygy ambayo Lichess inaionyesha pembeni. Ile haikisii, imekokotoa kila kitu. Kwenye nafasi yetu baada ya 61.e6 itakuambia Ngome g1 ni sare na Ngome g8 ni kushindwa.

Hatua ya 6: Cheza ile nafasi

Mtafute mtu, pangeni ubao kama ulivyokuwa mwendo wa 61, dakika tatu tatu, mbadilishane rangi. Mwenye Nyeupe asisukume e6 haraka, azungukezunguke kwanza amchoshe mwenzake. Mkishaizoea, sogezeni kete zote safu moja kushoto, isipokuwa ngome ya a7 inayobaki pale pale, askari awe d5 na mfalme mweusi d8, muanze tena.